Mwana Aliyeanguka Kila Jumamosi

Mwanao Orval yuko kwenye picha za kauboi.

Hayo ndiyo maneno aliyoletewa Leota Tackett shambani, msimu wa kuchuma pamba, mwaka 1933. Aliyeyaleta ni jirani yake Hester Loomis, ambaye alikuwa ametoka kumsalimu dada yake huko Lawton. Hester alisimama pembeni mwa shamba, viatu vya mjini bado viko miguuni, akapaza sauti.

"Dada Leota! Nimemwona Orval wako!"

"Umemwona wapi?"

"Ukutani! Kwenye sinema! Yuko juu ya farasi, anafukuzwa na watu wenye bunduki!"

"Hester, jua limekuchoma utosi."

"Jua gani? Nilikuwa ndani, gizani, natafuna bisi. Nakwambia ni yeye."

"Uso uliuona?"

"Uso sikuuona sawasawa. Vumbi lilikuwa jingi. Lakini ni yeye. Hata mpwa wangu kasema. Huko Lawton kila aliyemjua Orval anasema hivyo hivyo."

Leota akainama tena kwenye pamba yake, kama mtu asiyejali. Lakini neno lile lilimganda kama miiba ya nyasi kwenye soksi. Unabandua mmoja, kumbe mingine imeingia ndani zaidi.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mama huyo, Leota Tackett wa hapa hapa Wellburn, Oklahoma. Alifariki Jumanne nyumbani kwa binti yake Nadine, akiwa na miaka themanini na mitatu. Tumemzika Ijumaa. Wengi wenu mlimjua kama yule bibi wa mkate wa mahindi kwenye karamu za kanisa. Wachache mnajua alivyoishi na zile picha za kauboi. Binti yake ametuomba tuyaseme, ili mama mwingine asije akapita njia ile ile. Basi tegeni sikio.

Leota alikuwa na watoto wawili. Orval, kisha Nadine. Wawili tu. Mumewe aliitwa Enoch, mwenye maneno machache na mkono mzito. Mwaka 1931 pamba ilikosa bei, na Enoch akamuuza farasi wa Orval. Alimuuza bila kumwambia kijana. Orval alirudi kutoka mjini akakuta banda tupu. Alichukua koti, akaenda relini, akadandia treni ya mizigo iliyokuwa inaelekea California. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yake hakumuaga. Mama yake alimkimbilia hadi barabarani, mikono ina povu la sabuni, akakuta vumbi tu.

Ikaja kadi moja ya posta, ina picha ya michungwa. Nyuma imeandikwa: "Nipo mzima. Nafanya kazi na farasi." Baada ya hapo, kimya. Miaka miwili, kimya.

Sasa, kitu kimoja kuhusu Orval. Kijana huyu alipanda farasi kwa upande wa kulia. Sisi wengine wote hapa tunapandia kushoto, na farasi wetu wamezoea hivyo. Lakini Orval alifundishwa na jirani yao, Silas Tonemah, na Silas ni Mkiowa, mwenyeji wa asili wa nyanda hizi. Wakiowa wa zamani walipandia kulia. Enoch alikuwa akifoka, "Wewe mtoto, utamshtua farasi!" Naye Silas anacheka pale kwenye uzio. "Farasi hajashtuka, bwana Tackett. Aliyeshtuka ni wewe."

Hilo ndilo alilokuwa nalo Leota kichwani siku alipokwenda sinema kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mjue kwamba mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa amekwisha kusema kwamba nyumba ya sinema ni kibaraza cha shetani. Leota alikuwa mwanamke wa kanisa. Siku hiyo alimwambia mumewe anakwenda kununua uzi. Akavaa kofia yake ya Jumapili, siku ya Jumamosi, akaingia ukumbi wa Pearl mchana kweupe.

Mlikuwemo wengine wenu mle ndani. Mlikuwa watoto. Mnakumbuka? Jumamosi ile ilikuwa ni ya watoto. Bisi sakafuni, miguu kwenye viti, mwenye filimbi anapiga filimbi. Zile picha zilikuwa za bei rahisi, fupi, zimetengenezwa haraka haraka. Sauti ndiyo kwanza ilikuwa imeingia kwenye sinema, na ilisikika kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Shujaa ana kofia nyeupe. Adui ana masharubu. Wakifukuzana, wanapita jabali lile lile, halafu wanalipita tena, halafu tena. Na watoto walipenda hivyo hivyo.

Leota aliketi katikati yao, mkoba mapajani. Picha ikaanza. Watu wakaongea, wakapigana ngumi, hakuelewa nani ana ugomvi na nani. Kisha wapanda farasi wakatoka mbio nje ya zizi. Mmoja mwenye shati jeusi alikuwa amechelewa. Akazunguka mbele ya farasi wake, akashika tandiko upande wa kulia, akaruka juu.

Upande wa kulia.

Leota akasimama. "Orval!"

"Kaa chini, bibi! Hatuoni!"

"Huyo ni mwanangu!"

"Basi mwanao ni mwizi wa ng'ombe, bibi! Kaa chini!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakusikia. Alikuwa anamtazama kijana mwenye shati jeusi akishuka mtelemko wa mawe, mbio, vumbi linafuka. Nyuma yake yuko mpanda farasi mwingine, juu ya farasi wa kijivu. Ghafla farasi wa mbele akapiga magoti, na kijana akarushwa juu, akapinduka, akaanguka. Mtu wa farasi wa kijivu akapita huku amegeuza kichwa kutazama nyuma. Halafu picha ikahamia kwa shujaa, naye anaimba.

Leota alitoka anatabasamu. Aliwauliza watoto pale mlangoni, "Yule aliyeanguka, aliumia?" Wakamwambia, "Ah, bibi! Hawaumii hao. Ndiyo kazi yao. Wanaanguka, wanajikung'uta, wanaenda kula."

Akaamini. Nani asingeamini?

Jumamosi iliyofuata akarudi. Hakumwona. Akarudi tena, hakumwona. Kisha ikaja picha nyingine, yenye jina jingine na shujaa mwingine, na huyo hapo, Orval. Shati jeusi, upande wa kulia, mtelemko wa mawe, anguko. Baada ya miezi, picha nyingine tena. Jina jingine. Anguko hilo hilo.

Leota alisema, "Wamempa kazi ya kudumu. Kila wakitaka mtu wa kuanguka, wanamwita yeye."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo kosa lilipoingia. Liliingia kimya kimya, kama maji chini ya mlango. Watoto wa Pearl walikuwa wanapiga kelele kila mara: "Farasi kabadilika! Angalieni! Alikuwa na soksi nyeupe miguuni, sasa hana!" Na kweli, shujaa akiwa karibu, farasi wake ana miguu myeupe. Wakianza kufukuzana kwa mbali, farasi ana miguu ya kahawia. Kofia nayo inageuka. Watoto walicheka. Leota aliwaambia, "Nyamazeni nyie, mnanipotezea." Macho hayana pazia, wahenga walisema, lakini macho ya mama mwenye hamu yana pazia zito kuliko yote.

Mwaka 1934 Silas Tonemah alikuwa na mpwa wake anayekwenda California kutafuta kazi. Silas akaja kwa Leota, akasimama nje ya mlango na kofia mkononi.

"Mama Tackett, kijana wangu anaondoka. Mpe jina la Orval na ile kadi. Atauliza kwenye mazizi ya farasi huko. Watu wa farasi wanajuana."

"Akaulize nini, Silas?"

"Yuko wapi. Anaendeleaje."

"Si namwona? Nimemwona juzi tu. Mzima, anafanya kazi. Mkienda kuulizauliza, mwenye kazi atasema huyu ana matatizo ya nyumbani, amfukuze."

"Mama, kumwona siyo kuongea naye."

"Silas, niachie mwanangu."

Silas akavaa kofia yake, akaondoka. Hakulileta tena jambo hilo.

Nadine anakumbuka siku ile. Alikuwa anachambua maharagwe jikoni. Ametuambia hivi, kwa maneno yake: "Nilitaka kutoka nimkimbilie mjomba Silas, nimpe ile kadi. Sikutoka. Nyumba yetu ilikuwa inaishi kwa zile Jumamosi. Mama alikuwa na furaha. Ningeanzaje kuigusa?"

Kisha yakaja mavumbi, zile dhoruba zilizofagia mashamba. Mnayajua. Enoch aliyavuta mavumbi yale miaka miwili, na majira ya baridi ya 1936 mapafu yake yakashindwa. Akalala kitandani, shuka lililoloweshwa maji limetundikwa dirishani kuzuia vumbi. Na yule mtu wa maneno machache, aliyekwisha kujua zamani kwamba uzi si uzi, akaanza kumuulizia kijana wake.

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi, Enoch."

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ameanguka tena?"

"Ameanguka. Ameanguka vizuri sana."

"Mtoto ana nguvu za kuanguka kwenye farasi kila wiki," akasema Enoch. "Nguvu za kuja kunitazama hana. Basi mwambie farasi wake nilimuuza kwa sababu tulikuwa hatuna cha kula. Mwambie hivyo. Halafu mwambie na mimi nimemaliza, asije."

Akafa mwezi huo huo. Akafa amemkasirikia mwanawe. Nawaomba mlishike hilo: Enoch Tackett alikufa akiamini mwanawe ni mzima, anajua, na hataki kuja.

Leota alimlilia mumewe, na moyoni alimlaumu Orval kidogo. Lakini Jumamosi alikuwepo Pearl. Sasa hakuwa na wa kumpelekea habari.

Kiangazi cha 1938, mambo yakafika mwisho. Siku zile mashujaa wa picha hizi za bei rahisi walikuwa wanazunguka miji midogo kama wetu. Wanaleta farasi, wanaimba jukwaani kabla ya picha, wanarusha kamba, watoto wanazimia kwa furaha. Akaja mmoja hapa Wellburn, na watu wake watatu au wanne. Pearl ilifurika hadi barabarani. Walionyesha picha mpya kabisa, ya mwaka huo huo. Na ndani yake, kama kawaida, mtelemko wa mawe, shati jeusi, anguko.

Lakini siku hiyo Leota hakuwa anatazama kitambaa cha picha peke yake. Kati ya watu wa jukwaani mlikuwa na mzee mmoja mwembamba, amekaa juu ya farasi kama nguo iliyoanikwa, bega moja limeshuka. Leota alikuwa ameliona bega hilo miaka mitano. Ni yule wa farasi wa kijivu.

Picha ilipokwisha, akaenda nyuma ya ukumbi. Akamkuta mzee anawanywesha farasi kwenye pipa. Jina lake lilikuwa Dub Hanratty.

"Shikamoo, mama," akasema Hanratty, akagusa kofia. "Ukitaka saini ya shujaa, yuko mbele. Mimi saini yangu hata mke wangu haitaki."

"Sitaki saini. Nakuona kila mara. Unapita nyuma ya mwanangu kwenye farasi wa kijivu."

"Wapo wengi wa kijivu, mama."

"Mwanangu anavaa shati jeusi. Anapanda farasi kwa upande wa kulia."

Hanratty akaiweka ndoo chini. Polepole.

"Tulimwita Tack," akasema. "Jina lake kamili hakutuambia. Kwao hakusema. Alisema tu kuna mtu kwao alimfundisha kupandia kulia, na kuna mtu alikuwa anamgombeza."

"Yuko wapi? Mbona hukuja naye?"

"Mama, ile picha ya leo. Unadhani ile mbio ilipigwa picha lini?"

"Mwaka huu. Imeandikwa mwanzoni, mpya."

"Kuongea ni kwa mwaka huu. Kuimba ni kwa mwaka huu. Ile mbio ni ya zamani. Hawa watu hawana fedha za kukodi farasi ishirini kila picha. Wakipata mbio moja nzuri, wanaiweka. Kila picha mpya wanakata kipande, wanaunga. Kama fundi anavyotia kiraka. Ile mbio ni ya masika ya thelathini na tatu. Nimekwisha kuiona kwenye picha nane, tisa. Huwa natoka nje."

Leota akashika ukingo wa pipa.

"Walimfunga yule farasi waya miguuni," Hanratty akaendelea, kwa sababu alikuwa ameanza na hakujua jinsi ya kuacha. "Ili aanguke pale pale kwenye kamera. Ndivyo wanavyofanya. Tack alijua. Alisema mtelemko ule ni kitu gani, kwao amezoea kushuka mbio kutoka kwenye mkuyu mkavu mpaka kijitoni. Alikuwa anacheka."

"Wewe unageuka," Leota akasema. "Kwenye picha. Kila mara unageuka kumtazama."

"Hawakuniambia nigeuke, mama. Nilisikia shingo ikivunjika."

Orval Tackett alikuwa amekufa masika ya 1933. Uvumi wa Hester ulikuja vuli ya 1933. Mnaelewa, wasikilizaji wapendwa? Siku Leota aliposimama ukumbini akaita jina lake, kijana alikuwa ameshakaa kaburini miezi. Walimzika wapanda farasi wenzake, kwenye makaburi madogo pembeni mwa jangwa, chini ya ubao ulioandikwa Tack. Hakuna aliyejua pa kupeleka habari. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Mpwa wa Silas angeuliza. Watu wa farasi wanajuana. Ndani ya wiki angempata Hanratty. Na Enoch angejua. Angemlilia mwanawe badala ya kumkasirikia, na lile neno la farasi aliyeuzwa angelisema kaburini, akalisikia Mungu.

Leota alimuuliza Hanratty kama amekula. Akampeleka nyumbani, akampa maharagwe na mkate wa mahindi, akamkalisha kwenye kiti cha Enoch, akamsikiliza mpaka alipoitwa na wenzake. Baadaye ubao wa kule jangwani ulibadilishwa, ukawekwa jiwe lenye jina lote.

Hakurudi tena Pearl. Miaka kumi na zaidi. Watu walifikiri amesahau.

Halafu zikaja televisheni. Na wenye televisheni walihitaji kitu cha kujaza mchana, wakazinunua zile picha za kauboi kuukuu, kwa rundo. Siku moja Leota alikuwa jikoni kwa Nadine, anakanda unga. Wajukuu wako sebuleni, wamelala kifudifudi mbele ya kile kisanduku. Akasikia kwato. Anazijua zile kwato. Akatoka, mikono ina unga hadi viwiko.

Alikuwa pale. Ana miaka ishirini na tatu, na mama yake ana karibu themanini. Anazunguka mbele ya farasi. Anashika tandiko. Anaruka juu.

Nadine ametuambia: "Nilitaka kukimbia nikaizime. Mama akanitangulia. Alimwacha akae vizuri kwenye tandiko, halafu akazungusha kitufe. Taa ikajikusanya katikati, ikawa nukta, ikaisha. Watoto wakalia, 'Bibi, ndiyo kwanza inanoga!' Mama akawaambia, 'Imetosha. Hapo alipo, mwacheni hapo.'

"Kisha akanigeukia mimi. Alama za unga ziko kwenye kitufe. Akaniuliza, 'Nadine, siku ulipoolewa ulivaa nguo gani?' Niliolewa Jumamosi, mwaka thelathini na tano. Mama alikuja, akakaa benchi la mwisho, na kabla ya keki alikuwa ameshaondoka. Hatukuwahi kulisema. Nikamwambia, 'Nyeupe, mama. Ya kuazima kwa Hester. Ilinibana kwapani.' Akasema, 'Nionyeshe picha.' Tukakaa chini. Akaitazama ile picha moja mpaka unga ukamkauka mikononi. Mimi nilikuwa hai miaka yote hiyo, ng'ambo ya meza. Sikumchukia. Lakini nilikuwa hapo."

Wasikilizaji wapendwa, Leota Tackett aliishi miaka mingine sita baada ya siku ile, na aliiishi na Nadine. Walihifadhi mboga kwenye chupa pamoja. Waligombana kuhusu chumvi. Nadine anasema ndiyo miaka aliyokuwa na mama.

Kwa Nadine, kwa mumewe Clell, na kwa wajukuu wa marehemu, poleni sana. Wellburn nzima inawapa pole. Mungu ampumzishe mama huyu, na aliyemtangulia kule jangwani, na mzee Enoch aliyeondoka na hasira isiyo na mwenyewe.

Na ninyi akina mama mnaonisikia sasa, huenda yuko wa kwenu aliyekwenda mbali. Jiulizeni leo: habari zake mnazo, au mna picha yake tu? Nadine ametutajia mambo ya kuepuka, na tunayasoma kama alivyoyasema.

Usimuuze mnyama wa mtoto bila kumwambia.

Usimwache mtoto aende mbali bila kumwambia ataje jina lake kamili na la kwao popote atakapolala.

Usiseme "namwona, ni mzima" kama hujasikia sauti yake.

Usimfukuze jirani anayejitolea kwenda kuuliza.

Usimpelekee mgonjwa majibu ambayo wewe mwenyewe hujayathibitisha.

Usiogope kuuliza eti utaharibu furaha ya nyumba.

Usiondoke harusini kabla ya keki.